Njia ya Kwenda Kabara

Katika milima ya Virunga, kati ya Mikeno na Karisimbi, pana uwanda mdogo wa majani unaoitwa Kabara. Si mji, wala si kijiji. Hakuna soko, hakuna barabara. Mahali penyewe ni juu sana, metri zaidi ya 3,000. Asubuhi ukungu unafunika kila kitu, na usiku baridi ni kali kabisa. Lakini mtu akitaka kujua namna wanyama wa pori walivyoanza kulindwa kwa sheria katika Afrika yetu, hana budi kufika Kabara, walau kwa mawazo. Maana parki ya kwanza ya Afrika nzima ilianzia kwenye milima hiyo, nayo ilianza ikiwa ndogo.

Leo Parki ya Virunga ina kilometri za mraba karibu 7,800. Inaanza karibu na ziwa Kivu, inafuata ziwa Edward, inafika hata theluji ya Ruwenzori. Mwaka 1925 haikuwa hivyo. Ilikuwa kipande tu cha mlima na msitu, kuzunguka vilele vitatu: Mikeno, Karisimbi na Visoke. Kipande hicho kilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, yaani gorila wa milimani, ambaye watu wa Rutshuru humwita ingagi.

Wengi husema kwamba parki ni kazi ya mfalme na ya Wazungu wenye elimu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kila safari iliyopanda milima hiyo ilikuwa na mwenyeji aliyetangulia mbele, panga mkononi, akitazama majani yaliyovunjika na kinyesi kilicho bado na joto. Habari za mtu huyo zimeandikwa kidogo sana. Basi, ndugu msomaji, tuzifuate safari hizo moja moja, tuone nani alifika, nani alimwongoza, na nani alilipa gharama.

Bunduki zilifika kwanza

Wenyeji wa milima walimjua gorila tangu zamani. Walijua kwamba hula majani na machipukizi ya mianzi, kwamba hutembea pamoja na jamaa yake, na kwamba kila jioni hujitengenezea kitanda kipya cha matawi. Wazungu hawakumjua. Tarehe 17 Oktoba 1902, afisa Mdachi, Kapteni Robert von Beringe, alikuwa akipanda mlima Sabinyo. Aliona nyani wakubwa weusi, akapiga risasi. Mzoga mmoja ulipatikana, ukapelekwa Berlin. Mwaka uliofuata mtaalamu Paul Matschie alitangaza kwamba ni aina mpya, akampa jina la yule kapteni. Hivyo mnyama aliitwa kwa jina la mtu aliyemwua.

Tangu siku hiyo wawindaji wengi walitamani ngozi na mafuvu ya gorila. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yaliyataka. Mwaka 1921 Mwana wa Mfalme Wilhelm wa Uswidi alifika na msafara wake, wakaua gorila kumi na wanne. Tangu 1902 mpaka 1925 gorila zaidi ya 50 walitolewa katika milima hiyo kwa namna hiyo. Tena gorila jike huzaa mtoto mmoja tu, na kwa kawaida hukaa miaka karibu minne kabla ya kuzaa mwingine. Jamaa iliyopoteza wakubwa wake haipati nguvu upesi. Kama mambo yangaliendelea hivyo, leo tungalimjua gorila wa milimani kwa picha tu.

Safari ya mwaka 1921

Mwaka huohuo wa 1921 alikuja Mmarekani mmoja, jina lake Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo: alikuwa fundi wa kutengeneza wanyama waliokufa waonekane kama wazima. Hakujaza ngozi majani makavu kama mafundi wa zamani. Alifinyanga kwanza mwili kwa udongo, mifupa na misuli yote, kisha akatengeneza umbo la kuvika ngozi. Makumbusho makubwa ya New York yalimtuma alete gorila.

Safari yake ilikuwa ndefu. Alitoka Cape Town kwa gari la moshi mpaka Katanga, akapita mto Lualaba na ziwa Tanganyika, akapanda Kivu kwa miguu pamoja na wapagazi. Rafiki zake wa jamaa ya Bradley walifuatana naye, bwana na bibi pamoja na binti yao mdogo wa miaka sita. Kituo cha mwisho kabla ya mlima kilikuwa misioni ya Mapadri Weupe ya Lulenga, chini ya Mikeno. Toka hapo walipanda na waongozi wa nchi ile.

Fikiri kazi ya waongozi hao. Mwitu ni mzito, mteremko ni mkali, tope linafika magotini, na majani yawashayo yanachoma mikono na uso. Mzungu alivaa viatu vya ngozi na koti. Wao walikwenda miguu mitupu. Mzungu alishika bunduki. Wao walishika panga na mkuki. Tena wao ndio waliotangulia, maana nyayo zilisomwa na macho yao.

Safari hiyo iliua gorila watano. Lakini jambo jingine lilitokea. Akeley alikuwa na mashine ya sinema aliyoitengeneza mwenyewe, akapiga picha za gorila wakiwa hai katika pori lao. Hazikuwahi kupigwa picha kama hizo kabla yake. Aliona mama na watoto wao. Aliona kwamba gorila hakumfuata mtu ili amrarue, kama hadithi za wawindaji zilivyosema. Alipopata nafasi alijiondokea tu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1923 Akeley aliandika kwamba mbele ya maiti ya dume moja alijiona kama mwuaji. Aliporudi kwao alianza kuomba kwamba milima ile ifungwe, gorila asiwindwe tena, na badala ya wawindaji waje watu wa kumtazama na kumchunguza.

Amri ya mfalme

Maneno yake yalimfikia balozi wa Ubelgiji huko Washington, Baron Emile de Cartier de Marchienne, na kwa njia yake yakafika kwa Mfalme Albert. Mfalme alikuwa tayari kusikia. Mwaka 1919 alikuwa ametembelea Marekani na kuziona parki zao. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ilitiwa sahihi, na Parki ya Albert ikazaliwa. Amri nyingine ya tarehe 9 Julai 1929 iliikuza, na katika miaka iliyofuata mipaka iliendelea kusogezwa mpaka uwanda wa Rwindi, ziwa Edward na Ruwenzori vikawa ndani.

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo halisemwi mara nyingi katika vitabu vya sifa. Ile milima haikuwa nchi tupu. Watu walichunga ng'ombe kwenye majani ya juu, walikata mianzi ya kujengea, walitega mizinga ya nyuki, walitafuta dawa. Wambuti na Watwa waliishi kwa kuwinda katika misitu. Amri iliandikwa Brussels, wala mzee wa kijiji hakuulizwa. Kwake yeye mstari kwenye ramani ulikuwa na maana hii: jana njia hii ilikuwa yangu, leo nikipita nitafungwa. Wengine walilipwa fidia, wengine walihamishwa, wengine walinung'unika. Mashauri ya mipaka yaliendelea miaka na miaka, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 yalizuka tena. Mtu akishangaa leo kwa nini jirani fulani wa parki haipendi, na akumbuke kwamba uchungu huo una umri sawa na parki yenyewe.

Kaburi kwenye uwanda

Mwaka 1926 Akeley alirudi, safari hii kupitia Kenya na Uganda. Alikuwa pamoja na mke wake Mary, mchoraji William Leigh, na mtaalamu Mbelgiji kijana, Jean-Marie Derscheid, aliyetumwa kuchunguza na kupima nchi ya parki mpya. Alikuwapo pia Mkikuyu mmoja ambaye Wazungu walimwita Bill, lakini jina lake hasa ni Wimbia Gikungu. Huyo alianza kumtumikia Akeley tangu 1905, alipokuwa bado kijana mdogo, akawa mfuata nyayo hodari sana.

Akeley alikuwa ameshika homa kabla ya kupanda. Alizidiwa njiani, ikabidi abebwe. Alifika Kabara, na tarehe 17 Novemba 1926 akafa. Walimchimbia kaburi palepale kwenye uwanda. Mke wake alibaki wiki kadhaa kumaliza kazi. Leigh alichora mlima kama ulivyoonekana toka pale, na mchoro huo ulitumiwa katika makumbusho ya New York, katika jumba kubwa lililofunguliwa mwaka 1936 kwa jina la Akeley. Wale gorila wa mwaka 1921 wangalimo humo mpaka leo, nyuma ya kioo, na Mikeno imechorwa nyuma yao. Mtoto wa New York anaweza kuutazama mlima wa Rutshuru bila kuvuka bahari.

Derscheid aliendelea kuitumikia parki kwa maandishi na mashauri. Katika vita kuu ya pili aliingia katika mapigano ya siri juu ya Wanazi, akakamatwa, akauawa mwaka 1944.

Watu wasio na bunduki

Miaka zaidi ya thelathini ilipita. Mwaka 1959 alifika Mmarekani kijana, George Schaller, na mke wake Kay. Walikaa katika nyumba ndogo ya mbao pale Kabara, karibu na kaburi la Akeley. Schaller aliacha desturi ya wote waliomtangulia: hakuchukua bunduki. Alikwenda polepole, akakaa mahali ambapo gorila waliweza kumwona, akangoja. Baada ya siku nyingi walimzoea. Alijifunza kuwatambua kwa nyuso, akahesabu vitanda vyao vya usiku, akakadiria kwamba katika milima yote ya Virunga wako gorila karibu 450. Kitabu chake cha mwaka 1963 kilimaliza zile hadithi za jitu la kutisha.

Mwaka 1963 alipita mgeni mwanamke, Dian Fossey, naye akawaona gorila kwa mara ya kwanza palepale Kabara. Mwezi wa Januari 1967 alirudi kukaa. Lakini mwezi wa Julai mwaka huo nchi ilikuwa na vurugu. Askari walimteremsha mlimani, akatorokea Uganda. Baadaye alijenga kambi yake upande wa Rwanda, akaiita Karisoke, akafanya kazi huko mpaka alipouawa mwezi wa Desemba 1985.

Watu hao watatu, Akeley, Schaller na Fossey, dunia yote inawajua. Lakini Fossey mwenyewe ameandika habari za mtu wa nne. Jina lake Sanwekwe, Mkongomani, mlinzi wa parki. Alipokuwa mtoto alifuata nyayo za gorila kwa ajili ya Akeley. Alipokuwa mtu mzima alimwongoza Schaller. Na mwaka 1967, alipokwisha kupata umri mkubwa, alimfundisha Fossey namna ya kusoma majani, kutambua harufu, na kutembea bila kuwashtua wanyama. Tazama basi: wageni walikuja na kuondoka, kila mmoja na kitabu chake, mwenyeji alikuwa mmoja, na elimu yake ilipita toka safari hata safari. Hakuandika kitabu. Lakini bila yeye vile vitabu vingine vingalikuwa vyembamba.

Waliobaki wakati wa taabu

Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wazungu wengi wa parki waliondoka. Watu wa nje walisema: sasa wanyama wamekwisha. Hawakujua habari za walinzi. Wakongomani hao waliendelea na kazi katika miaka ya fujo, mara nyingi bila mshahara, wakipambana na majangili wenye bunduki nzuri kuliko zao. Mmoja wa wakubwa wa kwanza Wakongomani alikuwa Anicet Mburanumwe. Baadhi ya walinzi wa miaka ile waliuawa. Mwaka 1969 jina la Albert liliondolewa, ikawa Parki ya Virunga, na mwaka 1979 iliandikwa katika urithi wa dunia.

Kisha ilikuja taabu kubwa zaidi. Mwaka 1994 watu mamia ya maelfu walikimbia toka Rwanda, wakajaa kambini kando ya Goma na chini ya milima. Walihitaji kuni kila siku, na kuni zilikuwa ndani ya parki. Mwaka huohuo parki iliandikwa katika urithi ulio hatarini. Baada ya kambi zilifuata vita moja baada ya nyingine. Tangu 1925 mpaka siku zetu walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, shambulio moja liliua watu kumi na saba: walinzi kumi na wawili, dereva mmoja, na raia wanne. Kila mmoja aliacha nyumba, na nyumba hizo ziko katika vijiji vilevile vilivyo kando ya mpaka. Kwa hiyo si haki kusema kwamba wanakijiji ni adui wa parki. Mlinzi naye ni mwana wa kijiji.

Mwezi wa Julai 2007 gorila wa jamaa ya Rugendo walipigwa risasi usiku, dume kubwa Senkwekwe pamoja na majike. Hawakukatwa nyama, wala hawakuchunwa. Upelelezi ulielekea kwenye biashara ya makala: waliochoma miti ya parki walitaka kuwatisha walinzi waliowazuia. Asubuhi watu wa vijiji walikuja, wakafunga miti, wakawabeba wale wafu mabegani, zaidi ya watu kumi chini ya dume moja, wakawashusha kama watu wanavyoshusha maiti ya mtu wao. Katika mwezi wa kabla ya huo, mtoto mchanga wa gorila alikuwa ameokotwa akimshika mama yake aliyeuawa. Aliitwa Ndakasi. Mlinzi André Bauma alimlea, akalala naye kifuani ili asife baridi. Ndakasi aliishi miaka kumi na minne, akafa mwaka 2021 mikononi mwa huyohuyo aliyemlea.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuipime parki kwa mithali hiyo.

Wakati wa amani, mgeni wa gorila upande wa Kongo huanzia mara nyingi kituo cha Bukima, chini ya Mikeno. Kabla yake wafuata nyayo wamekwisha kuondoka alfajiri. Wanakwenda mahali gorila walipoonekana jana, wanatafuta vitanda vya usiku, wanafuata njia toka hapo, kisha wanawaita wenzao kwa redio. Mgeni anapanda na walinzi. Mwenye mafua haruhusiwi, maana ugonjwa wa mtu humpata gorila kwa urahisi; kwa sababu hiyo wote huvaa kitambaa puani na mdomoni. Wakifika wanakaa saa moja tu, bila kelele, bila kugusa. Saa ikiisha, wanashuka. Bunduki imebaki mkononi mwa mlinzi, nayo si kwa gorila.

Je, matunda yameonekana? Upande wa wanyama, ndiyo. Mwaka 1981 katika milima ya Virunga walihesabiwa gorila karibu 254. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilipata 604, nchi tatu pamoja, yaani Kongo, Rwanda na Uganda. Pamoja na wale wa msitu wa Bwindi jumla ilipita 1,000. Ni nyani wakubwa wachache sana duniani ambao hesabu yao inapanda.

Upande wa watu, jibu si jepesi. Fedha za wageni zililipa mishahara. Maji ya mito ya parki yaligeuzwa umeme, kama pale Matebe, Rutshuru, mtambo ulipofunguliwa mwaka 2015, ili nyumba na viwanda vidogo vipate nguvu bila kukata mti. Hayo ni mema. Lakini vita imeifunga njia ya wageni mara nyingi. Mwaka 2018 ilifungwa miezi mingi baada ya wageni kutekwa nyara na mlinzi Rachel Masika Baraka kuuawa akiwatetea. Na tangu mwisho wa 2021 vita ya M23 ilirudi katika milima ileile. Wakati mgeni hawezi kuja, mwenyeji hupona kwa nini? Mama wa Kibumba anatazama msitu, ananusa baridi, na sufuria iko mbele yake bila moto. Kumwambia juu ya urithi wa dunia hakupashi maharagwe.

Hivyo historia ya Kabara yatufundisha jambo moja lililo wazi. Sheria ilifunga mlango, na ilikuwa lazima ufungwe, maana bunduki zilikuwa zikimaliza kila kitu. Lakini waliousimamia mlango huo kwa miaka mia moja si wale walioandika sheria. Ni Sanwekwe na wenzake, walinzi na wajane wao, na wale wanakijiji waliombeba Senkwekwe. Anayetaka gorila aishi miaka mia nyingine, na aanze kuhesabu kwao: shamba lao, kuni zao, shule ya watoto wao, na neno lao katika mashauri ya mipaka. Mwaka 1925 mzee wa kijiji hakuulizwa. Mjukuu wake yupo, tena anajua kusoma na kuandika. Yeye na aulizwe.